Mwani Kabatini

Kinoo ni mji wa bara, kandokando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, na bahari i mbali nao karibu kilomita 500. Ndiyo sababu niliporudi kutoka Mombasa nilichukua chupa ya maji ya bahari, na ndani yake kipande cha mwani wa kijani, ule mwembamba kama karatasi ambao wataalamu huuita Ulva. Nilikuwa nimemwahidi mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, kwamba nitamwonyesha mmea usio na mizizi ya kweli wala majani ya kweli, na ahadi ni deni.

Nilichelea jua la dirishani lisije likayachemsha maji, nikaiweka chupa kabatini. Nikatia na chembe chache za mbolea ya nitrati tuitiayo sukuma wiki, nikisema moyoni kwamba mgeni wangu hatalala njaa. Siku ya sita mpwa wangu akafika. Nilipofungua kabati, harufu ilitutangulia. Mwani ulikuwa umegeuka ute.

"Mjomba," alisema kwa adabu, ingawa macho yake yalicheka, "umempa mgeni nafaka, ukamnyima moto wa kuipikia."

Alisema kweli kuliko alivyodhani. Sina hakika ni kosa langu lipi lililoua kwanza, maana huenda hata mbolea ilizidi; lakini giza peke yake lilitosha. Mwani hunywa nitrojeni kwa mwili wake wote. Nitrati ikiisha kuingia, haifai kitu mpaka igeuzwe kuwa nitriti, kisha amonia, ndipo iungwe na kaboni kuwa asidi amino, ambazo protini hujengwa kwazo. Nitriti hugeuzwa ndani ya vijumba vile vile vya kijani vinasavyo mwanga, kwa nguvu ya mwanga huo huo. Na kaboni hutoka katika sukari iliyotengenezwa juani. Usiku mwani haukomi mara moja. Huweza kuendelea kuvuta amonia kwa kitambo, ukila akiba yake ya sukari. Usiku wangu ulikuwa wa siku sita.

Baadaye nilisoma habari za Makoba, huko Unguja. Flower Msuya na Amir Neori walieleza mwaka 2002 jinsi Ulva reticulata ilivyooteshwa katika maji yatokayo kwenye mabwawa ya samaki. Samaki hutoa amonia, nayo ikizidi huwadhuru wao wenyewe. Mwani huinywa, ukakua, na maji yakaondoka yakiwa safi zaidi. Naam, taka ya mmoja ikawa chakula cha mwingine! Lakini mtu akiujaza mwani mpaka ukafunikana, au tope likaziba jua, ule wa chini utakuwa kabatini kama wangu.

Chupa tuliisugua kwa majivu. Sasa iko dirishani, imejaa maji ya tangi, na ukijani umeanza kuota upande unaotazama barabara.