Baridi ya Mlimani Si Baridi ya Makole

Akina mama wenzetu, sisi tunaokaa hapa Makole baridi tunayoijua ni ile ya Juni na Julai. Ukivaa sweta na kujitanda khanga juu yake, yamekwisha. Basi kijana akija kutuaga kwamba anakwenda na wenzake kupanda Kilimanjaro, tunajadili nauli na chakula, na sweta ile ile ndiyo inayoingia begini.

Wengi hupanda kuelekea tarehe 9 Desemba, kukumbuka mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipofikisha mwenge na bendera kileleni. Ni jambo jema, wala hatumzuii mtoto wa mtu. Lakini Desemba mvua za vuli huwa bado zinanyesha kule. Langoni Marangu mtu anatembea na shati tu. Kila akipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kibanda cha Kibo kiko mita 4,700 hivi, na kutoka hapo huondoka usiku wa manane kwenda kilele cha mita 5,895, kwenye baridi iliyo chini ya sifuri.

Sisi wauguzi tunachoogopa zaidi ni kulowa. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikauki njiani. Maji yananyonya joto la mwili na upepo unamalizia. Mtu anaweza kufa hivyo hata pasipo theluji. Kwanza hutetemeka, vidole vinashindwa kufunga kifungo. Kisha maneno yanamlemea, anajikwaa, anakuwa mkali bila sababu. Akiacha kutetemeka naye bado yuko kwenye baridi, wenzake wasifurahi: mwili umeishiwa. Wengine hufikia hata kuvua nguo wakidai wanaona joto. Huyo avuliwe nguo mbichi, akaushwe, afunikwe mpaka kichwa, na kama anaweza kumeza apewe chai ya sukari. Asisuguliwe mikono na miguu. Na pombe kali, ambayo vijana huiita dawa ya baridi, huleta joto kwenye ngozi tu huku la ndani likitoka.

Kuna na ugonjwa wa kimo: kichwa kuuma, kutapika. Mgonjwa akianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, ateremshwe usiku huo huo, kusingojewe mapambazuko. Vijana wenye nguvu ndio wanaoficha, kwa kuona haya mbele ya wenzao.

Wapagazi nao ni watoto wa akina mama kama sisi. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, lakini wako wanaopanda na viatu vilivyotoboka. Anayelipia safari aulize wanalala wapi na wamevaa nini. Si umbea huo.

Makoti ya mvua, glovu na soksi za sufu hupatikana kwenye mitumba pale Sabasaba kwa bei ya kawaida. Nguo za kulalia zifungwe peke yake katika kipande cha turubai, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019. Hizo asizivae njiani, hata zile nyingine zote zikilowa. Ni za kulalia.