Taal: Nilienda Kula Bata, Yakanikuta Mengine

Jamani, msinihukumu. Mwaka jana nilipata likizo ya wiki mbili kazini Doha, na badala ya kwenda Tanga kwa mwanangu nikaenda Ufilipino. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja aliniomba nimsindikize kwao, mji wa Taal, mkoa wa Batangas. Alikuwa hajafika miaka 3. Mie nikawaza mapicha, nikasema twende. Wala sikujiuliza mtu mzima anaogopa nini kwenda kwao peke yake.

Kutoka Manila unapanda basi kuelekea kusini, kama saa 3 hivi foleni ikikubali. Na mji wenyewe, aisee! Majumba ya zamani ya enzi za Wahispania, madirisha yake hayana vioo, yana magamba ya kombe membamba yanayopitisha mwanga. Kanisa lao la Mtakatifu Martin ni kubwa mpaka unajiona sisimizi. Kuna na nyumba ya Marcela Agoncillo, mama aliyeongoza kushona bendera ya kwanza ya Ufilipino mwaka 1898, na aliishonea ugenini, Hong Kong. Rafiki yangu akacheka: "Unaona? Hata bendera yetu imeshonwa na mtu aliyekuwa nje."

Sasa msosi. Tapa yao ni nguruwe, hiyo nikaipisha. Lakini suman ni wali wa kunata wa nazi uliofungwa kwenye majani, na panutsa ni kashata ya karanga kabisa, nyie! Kahawa yao, barako, ni nzito, inakutoa na usingizi wa juzi. Tukala na tawilis, ndugu zao dagaa, wanaopatikana Ziwa Taal tu, dunia nzima hakuna kwingine. Wamepungua sana siku hizi, nikala wawili kwa heshima.

Ziwa lenyewe tulilifuata San Nicolas, mji wa jirani. Katikati ya maji kuna volkano. Ndiyo iliyouhamisha mji wa Taal kutoka pale ufukweni baada ya kulipuka mwaka 1754, magofu ya kanisa la zamani bado yapo. Tarehe 12 Januari 2020 ikalipuka tena, majivu yakafika mpaka Manila. Siku hiyo rafiki yangu alikuwa zamu hotelini, anakuona kwao kwenye simu kama sisi wengine. Binti yake alikuwa na miaka 2. Bibi ndiye aliyembeba wakakimbia.

Nimewaficha kitu cha siku ya kwanza. Kule mtoto akimsalimia mkubwa anamshika mkono na kuugusisha kwenye paji la uso wake, ndiyo shikamoo yao. Tulipofika mlangoni, binti akamsalimia mama yake hivyo. Kisha akanigeukia na mimi, hivyohivyo, wageni wawili. Halafu akakimbilia nyuma ya gauni la bibi, anamwita "Nanay". Nanay ni mama. Rafiki yangu akainama kufungua begi la zawadi, na zipu ile aliifungua muda mrefu sana.

Usiku nikapiga simu Tanga. Mwanangu akapokea, tukaongea mpira kama dakika moja. Kisha akasema, "Ngoja nimpe mama simu." Nikasikia miguu inakimbia kwenda jikoni, kwa mama yangu.