Injini Inayodhani Bado Ni Baridi

Kwenye kipindi kilichopita tuliwauliza: ni Kiswahili gani mzazi wako anacho, na wewe huna? Wengi mlijibu Kiswahili cha msibani, cha jikoni, cha kusuluhisha ndoa za watu. Jibu langu lilikuwa refu mno kwa dakika zile, kwa hiyo naliandika hapa. Kiswahili ambacho sikuwa nacho ni cha injini.

Kwetu ni Bukavu, ila mimi ni mtoto wa Laeken, upande wa Bockstael. Papa alikuwa fundi wa magari Kadutu. Alipofika Ubelgiji hakuna aliyemuuliza anajua kazi gani. Alisafisha ofisi za watu usiku, miaka na miaka, na ile mikono iliyofungua injini za Hiace ikashika ufagio. Kitu kimoja tu alijinunulia: Mazda MX-5 ya 1991, nyekundu, viti viwili. Mama aliuliza watoto watatu watakaa wapi. Mpaka leo hajajibiwa.

Kwa wasioijua: ni gari ndogo ya michezo, nyepesi, paa lake linakunjwa. Ilioneshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na Aprili 2016 kiwanda kilitoa ya milioni moja. Ya Papa ina injini ya lita 1.6. Kwa kuwa imepita miaka 30, ina namba inayoanza na herufi O, ya magari ya zamani. Hiyo ndiyo inayoiruhusu kutembea Bruxelles, maana tangu 2018 mji una sheria ya magari yenye moshi, na magari ya petroli ya rika lake yalianza kukatazwa 2019.

Sasa, mwaka jana mwezi wa kumi gari ikaanza vituko. Ukiiwasha asubuhi, mshale wa mizunguko unapanda. Hilo ni la kawaida, injini baridi inahitaji kukimbia kidogo. Lakini ikipata moto inatakiwa ishuke hadi kama mizunguko 850 kwa dakika, itulie. Hii haikushuka. Unaenda hadi Atomium na kurudi, unasimama kwenye taa, mguu hauko kwenye mafuta, na injini inalia kwenye 1,800 kama imekasirika. Watu wanageuka. Wanadhani unajionesha.

Gereji moja ilisema tubadilishe sehemu yote ya kuingizia hewa. Bei waliyotaja ilikaribia bei ya gari yenyewe. Ukaguzi ulikuwa baada ya wiki tatu, na pale wanapima moshi injini ikiwa imetulia. Hii yetu ilikuwa haitulii. Na kama una gari kuukuu mjini hapa, unazijua zile kadi zinazobanwa dirishani: tunanunua gari, hali yoyote. Mtaa wa Heyvaert kule Anderlecht umeishi kwa biashara hiyo, magari yanayokwenda bandari ya Antwerpen na kupanda meli kwenda Afrika. Siku moja nikakuta kadi moja kwenye mlango wa friji yetu. Papa ndiye aliyeibandika. Vidole vyake siku hizi havikunji vizuri, hawezi kushika spana ndogo. Hakusema kitu, na mimi nikaelewa.

Nikamwambia: wewe sema, mimi nitashika.

Swali lake la kwanza halikuwa la injini. Aliuliza, "Mama, ilianzaka siku gani?" (Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Na hiyo "ilianzaka" ndiyo Kiswahili chetu cha Bukavu, wa Kiswahili cha shule msicheke.) Nikafikiri. Ilianza wiki ileile gereji nyingine ilipobadilisha maji ya rejeta. Papa akatikisa kichwa tu. Hakurukia jibu. Alitaka twende kwa mpangilio, kuanzia kitu cha bure hadi kitu cha pesa.

Kwanza waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali. Lazima ulegee milimita chache. Ukikaza, unashikilia wazi kile kibati cha duara kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Papa anakiita papiyo. Nilikaa na neno hilo dakika nzima ndipo nikashtuka kwamba ni Kifaransa, papillon. Yaani kipepeo. Waya ulikuwa mzima.

Pili, mipira ya hewa. Mpira wa miaka thelathini unapasuka, na injini inavuta hewa ambayo kompyuta yake haikuihesabu. Wapo wanaopulizia petroli au dawa inayowaka juu ya injini moto wasikie kama mlio utabadilika. Papa aliponiona nasoma hilo kwenye simu alisema neno ambalo siliandiki. Yeye alinipa kipande cha bomba la plastiki: ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha taratibu kwenye kila maungio. Penye ufa utasikia hewa inafyonzwa, ssss. Nilizunguka injini yote. Hakuna.

Tatu, ndipo nikafundishwa kitu kizuri. Chini ya kile kipepeo kuna njia ya pembeni ya hewa. Injini ikiwa baridi, njia hiyo iko wazi ili injini ikimbie. Ndani kuna nta, karibu kama ya mshumaa. Maji ya moto ya injini yanapita pale kwa vipira viwili vidogo, nta inapata joto, inavimba, inasukuma vali, njia inafungwa. Hakuna anayeiamuru. Ni joto tu. Maji ya moto yasipofika, nta haivimbi, njia inabaki wazi.

"Zima. Gusa ile mipira midogo," akasema. Mpira mkubwa wa rejeta ulikuwa wa moto hata kuusogelea. Vile viwili vidogo, baridi. Hata hita ya ndani ilikuwa inatoa upepo wa uvuguvugu, na sisi tulilaumu uzee.

"Unaona? Inafikiri ingali baridi."

Waliobadilisha maji hawakutoa hewa yote. Hewa ilikwama na maji hayakupita. Tulisubiri mpaka asubuhi injini ipoe kabisa, maana kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, kinaunguza uso. Papa akachagua mtaa wenye mlima, tukaegesha pua ikiangalia juu ili hewa ipande kwenye kifuniko. Tukajaza maji yenye dawa ya baridi, hita kwenye moto wa mwisho, nikawasha. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza mipira kwa mkono, kwa zamu. Mapovu yakatoka. Yakatoka tena. Maji yakashuka, tukaongeza. Baada ya kama dakika ishirini nikasikia sauti inabadilika kabla sijatazama mshale. 1,800. 1,400. 1,000.

Hapo tu ndipo aliniruhusu kugusa visi ya ralanti, yaani skrubu ya kurekebisha mngurumo wa injini iliyotulia. Unaunganisha kwanza matundu mawili, TEN na GND, kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, kompyuta iache kuingilia, kisha unazungusha taratibu hadi 850. Nilimuuliza kwa nini hatukuanza na visi, ingetuokolea siku mbili. Akasema ukiikaza visi ili kunyamazisha injini, umeinyamazisha tu. Hujaiuliza inaumwa wapi.

Asubuhi iliyofuata tukaangalia tena maji, tukaongeza kidogo, na karatasi tuliyotandika chini ililala kavu. Ukaguzi ilipita.

Lakini nilichotaka kuwaambia ni hiki. Siku zile mbili Papa aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alitaja mabosi wake wa Kadutu, wanafunzi wake, gari ya padri mmoja iliyowashwa kwa kusukumwa mwaka mzima. Mezani ananiuliza nimekula, kazi inaendaje, basi. Mbele ya boneti alikuwa na sentensi ndefu. Yalikuwepo siku zote. Mimi nilikuwa sijawahi kusimama mahali yanapotumika.

Kadi ya mnunuzi bado iko kwenye friji. Hajaitoa, na mimi sijaitoa. Jumamosi tunabadilisha plagi, ambazo yeye anaziita bujia.

Wiki hii tutumieni sauti: mzazi wako alikuwa anafanya kazi gani kabla ya huku, na vifaa vyake aliviitaje? Msiulize mezani. Mkuteni akiwa na kitu mkononi.