Supu ya Maharagwe kwa Mtu Aliyechoka

 

Leo sikuletei mahubiri ya pointi tatu. Nakuletea sufuria. Ni Julai, na wewe unayeishi huku kwetu Limuru, au Kinangop, au Molo, huhitaji kuambiwa. Ukungu unaingia mpaka mlangoni, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, na watoto wanaoga kwa kuamriwa. Ndugu zetu mnaotusoma kutoka Minnesota na Kanada mtatucheka, maana baridi yenu ni ya theluji. Lakini nyumba zenu zina mitambo ya joto, na zetu hazina. Nyuzi 10 ndani ya nyumba ya mabati ni nyuzi 10 kweli kweli.

Baridi hii ina watu inaowapata zaidi. Mama aliyejifungua juzi. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mzee anayeishi peke yake. Aliyefiwa, na wageni wameshaondoka. Nataka tuwaangalie hao, halafu usiku wa leo uweke maharagwe kwenye maji.

Fungua Biblia yako 2 Samweli 17, uende mistari ya mwisho kabisa. Daudi amekimbia Yerusalemu. Anayemfukuza si Mfilisti, ni Absalomu, mtoto wake wa kuzaa. Amevuka Yordani na watu wake usiku, amefika Mahanaimu amechoka mwili na amevunjika moyo. Hapo wanatokea watu watatu: Shobi wa Raba, Makiri wa Lo-debari, na Barzilai Mgileadi. Hatusomi kwamba walileta unabii. Hatusomi kwamba walimuuliza alimlea vipi mtoto akawa hivyo. Walileta vitanda, mabakuli na vyombo vya udongo. Walileta ngano, shayiri na unga. Walileta kunde na dengu, asali, siagi, kondoo na jibini.

Iangalie hiyo orodha polepole. Cha kwanza ni kitanda. Waliwaza hivi: watu hawa wametoka nyikani, lazima wana njaa, kiu na uchovu. Walifikiria mwili wa mtu mwenye huzuni kabla ya kufikiria la kumwambia.

Makiri huyu ndiye yule ambaye Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli aliyelemaa miguu, alikuwa akikaa nyumbani kwake. Utamkuta sura ya 9. Kwa hiyo kupokea watu waliovunjika kwake ilikuwa desturi. Barzilai naye, sura ya 19 inatuambia alikuwa mzee wa miaka 80. Mzee wa miaka 80 alibebea mfalme chakula! Na Daudi hakusahau. Alipokuwa karibu kufa, katika 1 Wafalme 2, alimwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai, wale mezani pake. Bakuli la Mahanaimu lilikumbukwa mpaka kitanda cha mauti.

Niseme ukweli wa darasani kidogo: kunde za Barzilai hazikuwa rosecoco. Maharagwe haya tunayopika sisi asili yake ni bara la Amerika, yalivuka bahari karne nyingi baada ya Daudi. Lakini kazi ni ile ile.

Sasa tuingie jikoni. Na wanaume, msiruke sehemu hii.

Chukua maharagwe makavu vikombe viwili. Mimi napenda rosecoco au nyayo, lakini wairimu pia ni sawa. Yachambue kwenye sinia, maana jiwe moja linaweza kuvunja jino na kuharibu ushuhuda. Osha, kisha loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya.

Sikiliza vizuri hapa. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, na sumu hiyo inaondolewa na mchemko wa nguvu. Acha sufuria itokote kweli kweli dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto. Hata kama unatumia kile kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa, chemsha kwanza kabla ya kufunika. Usimpelekee mgonjwa maharagwe yaliyoiva nusu kwa sababu ya haraka ya huduma.

Na usikate tamaa yakichelewa. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yapata nyuzi 93 tu. Ndiyo sababu dada yako wa Mombasa anapakua wakati wewe bado unaongeza maji. Kwa sufuria ya kawaida jipe saa moja na nusu hadi mbili. Sufuria ya presha itamaliza kwa kama nusu saa. Wako wanaotia magadi. Ni kweli yanaiva haraka, lakini sehemu ya vitamini inapotea. Nyanya nazo zisiingie mapema, kwa sababu ukali wake huyafanya maharagwe yabaki magumu.

Yakishaiva, weka sufuria nyingine motoni na kijiko kimoja tu cha mafuta. Kaanga kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Ongeza karoti mbili zilizokatwa vipande vidogo na nyanya mbili. Nyanya zikishalainika, mimina maharagwe na maji yake, uongeze maji ya moto mpaka yote yafike kama lita mbili. Tia viazi viwili au kipande cha malenge. Baada ya dakika 15 hivi, chota upawa mmoja wa maharagwe, uyaponde kwa mwiko, uyarudishe. Supu itakuwa nzito kidogo bila unga wala siagi. Mwisho kabisa weka kabeji iliyokatwa nyembamba au kiganja cha managu, dakika tano. Chumvi, dania, matone ya ndimu. Inatosha watu sita.

Iache iwe nyepesi. Mtu mwenye huzuni mara nyingi hana nguvu ya kutafuna, lakini kumeza anaweza.

Iko sababu naandika haya. Mzee mmoja wa ushirika wetu amenipa ruhusa niyaseme, ila bila jina, kwa kuwa anasema huenda yakamsaidia mwingine.

Alimzika mkewe mwezi wa Juni, mwaka uliopita. Walikuwa wameishi pamoja miaka 43. Matanga yalijaa watu, hema mbili na viti vya kukodi. Baada ya mazishi hema zikafungwa, watoto wakarudi Nairobi na Nakuru kazini, na Julai ikaingia. Jumanne moja jioni nilienda kumwona. Nilikuwa nimebeba maharagwe yaliyochemshwa na mfuko wa mboga ambazo hazijakatwa.

Jikoni kwake nilikuta mikate mitatu ambayo haijafunguliwa na paketi za maziwa. Watu wema walikuwa wameleta. Hakuwa amekosa chakula. Nilipomuuliza mbona hali, aliniambia, “Pasta, nikila peke yangu kijiko kinapiga kelele.”

Nyumba ilikuwa baridi, kwa hiyo niliomba nione anajifunika nini usiku. Kando ya kitanda palikuwa na jiko la makaa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi kuukuu, likashindiliwa mpaka pembeni.

Nikamuuliza waziwazi, “Mzee, hili jiko ni la baridi tu, au umechoka kuishi?”

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Pasta, sijui.”

Mpendwa, sikukemea pepo. Sikumwambia kwamba aliyeokoka hasemi hivyo. Eliya alisema hivyo. Katika 1 Wafalme 19, nabii aliyeshusha moto Karmeli aliketi chini ya mti akaomba afe. Na Mungu hakuanza na swali wala karipio. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akalala tena, akalishwa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani, mwili ukiwa umepata nguvu.

Basi tulilitoa jiko nje, mimi na yeye. Tukaliondoa blanketi dirishani. Nikampigia simu mwanawe wa kwanza pale pale, mzee akisikia, nikamweleza bila kuficha. Akasema anakuja usiku huo huo. Tulikuwa na kama saa mbili za kungoja. Nikawasha gesi, nikampa mzee kisu na kitunguu.

Alikata polepole, maana hakuwa amezoea. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa ni kitunguu, hakuna aliyelazimika kueleza. Nilipotaka kutia kabeji aliinua mkono. “Ngoja,” akasema. “Mama watoto alikuwa anaiweka mwisho.” Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilonieleza juu ya mkewe tangu siku ya kaburi. Tuliiweka mwisho. Tukala mezani, vijiko viwili vikipiga kelele.

Mwanawe alifika, akalala chumba kimoja na baba yake. Kesho yake tulimpeleka kwa daktari, na daktari alimsikiliza na kumpangia siku za kurudi. Nalisema hili wazi kwa sababu wako wanaodhani ukienda hospitali kwa ajili ya moyo uliochoka umepungukiwa na imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Ushirika wetu nao ulipanga zamu. Kila Jumanne mtu mmoja anaenda kupika pamoja naye. Angalia nilivyosema: pamoja naye. Kumwachia chakula mlangoni ni wema, lakini mikate mitatu ilikuwa tayari pale. Siku hizi yeye ndiye anayeloweka maharagwe Jumatatu usiku. Bado ana siku mbaya. Bado analia. Lakini mtu aliyeloweka maharagwe ana sababu ya kuamka kesho.

Sasa neno moja juu ya jiko, na ninalisema kama mchungaji aliyesimama kwenye mazishi ya baridi. Makaa yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Kuona makaa yamefifia na hayana moshi si dalili kwamba ni salama. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu huku jiko likiwaka, toka nje kwanza, wote mtoke, kisha mwende hospitali. Usilale na jiko ndani, hata usiku mmoja, hata kama kuna mtoto mchanga. Pika, kula supu ya moto, jaza chupa maji ya moto uifunge kwa kitambaa uweke miguuni, ongeza blanketi, lakini jiko lilale nje. Maombi ya ulinzi tuombe, haleluya, na dirisha tufungue.

Kabla hujaendelea na siku yako, nakuomba ufikirie mtu mmoja. Si kumi, mmoja. Yule aliyefiwa miezi miwili iliyopita, ambaye sasa hakuna anayempigia simu. Yule jirani ambaye moshi wa jikoni kwake hauonekani tena. Yule kijana aliyepoteza kazi na ameacha kuja ibadani. Usiandike jina lake hapa chini kwenye maoni. Mpelekee maharagwe yaliyoiva na mboga ambazo hazijakatwa, umwombe akusaidie kukata. Kaa. Kula naye. Ukiona jambo linalokutia hofu, uliza waziwazi, na usimwache peke yake usiku huo.

Na kama wewe ndiye umechoka, ukisoma haya chini ya blanketi na huna nguvu ya kuwasha moto, nakusihi usingoje Jumapili. Mwambie mtu aliye karibu leo. Nenda kwenye kituo cha afya. Niandikie kwa faragha, hata neno moja, nitajua. Daudi alifika Mahanaimu hana nguvu ya kupika, na alikubali kulishwa. Si aibu.

Baba, katika jina la Yesu, mkumbuke kila anayekula peke yake wiki hii. Tupe macho ya Barzilai, na miguu ya kwenda. Ilinde kila nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi. Amina.

Sema Amina, kisha uende ukachambue maharagwe. Yaingie kwenye maji kabla hujalala.