Wiki moja Kolkata

Nilimwacha mwanangu wa miaka mitatu kwa bibi yake, nikaenda Kolkata, India, kujitolea wiki moja Nirmal Hriday, nyumba ya wagonjwa mahututi aliyoifungua Mama Teresa mwaka 1952 kando ya hekalu la Kalighat. Mimi mwandishi wa afya nilidhani nitasaidia kutibu. Nikapewa beseni la mashuka. Tulifua, tukaosha vyombo, tukalisha wagonjwa.

Mama mmoja mzee alinigeuzia uso siku mbili. Jumatano akafungua kinywa, akala vijiko vitano.

Alhamisi, siku ya mapumziko, nilivuka Daraja la Howrah kwa miguu, nikipishana na wachukuzi wenye mizigo kichwani. Mto Hooghly unapendeza jioni, usikose.

Ijumaa kitanda chake kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka safi. Usiku nikapiga simu nyumbani. Mwanangu akauliza, “Mama, umekula?”