Maparachichi ya Lobule na Madoa ya Ganda

Msafiri aondokaye Arua kuelekea kaskazini hushika barabara ya lami iendayo Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini, na baada ya kilomita zipatazo 55 huingia mjini Koboko. Hapa ndipo nchi tatu zinapokutana: Uganda, Kongo na Sudani Kusini, na Wakakwa, wenyeji wa sehemu hizi, wamo katika zote tatu. Ukiiacha lami na kufuata njia ya udongo mwekundu iendayo upande wa Kongo, utafika Lobule.

Kiswahili si kigeni huku. Tangu enzi za King's African Rifles vijana wengi wa West Nile waliandikishwa jeshini, na waliporudi nyumbani walirudi na lugha ya kambini. Tena, tangu mwaka 2013 Lobule imekuwa na makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, nao wamekuja na Kiswahili chao chenye ladha ya Kifaransa. Ndiyo maana tunda moja lina majina matatu katika soko moja: Mganda aliita ovakedo, Mkongo aliita avoka, nasi tuliolisoma vitabuni twaliita parachichi.

Miti yenyewe husimama karibu na nyumba, mikubwa, yenye kivuli kizito ambacho watu hukaa chini yake kumenya mihogo na kuamua mashauri. Mingi imeota kutokana na kokwa iliyotupwa au kupandwa, haikuunganishwa na mti mwingine. Kwa hiyo kila mti una tabia yake, huu ukitoa matunda marefu yenye shingo, ule ukitoa ya mviringo kama ngumi. Mengi yanafanana kwa jambo moja: ganda lake hubaki kijani hata tunda likiiva. Jambo hilo ni kubwa kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Aina ya Hass, ambayo tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, aliiandikishia hataza mwaka 1935, hugeuka nyeusi inapoiva, na weusi huo huficha makovu mengi. Parachichi la kijani halina pa kuficha aibu yake. Kila mkwaruzo huonekana.

Na mnunuzi hununua kwa macho. Sokoni akina mama hupanga matunda mafungu mafungu juu ya turubai. Fungu lenye ganda safi huondoka mapema. Lenye madoa hungoja, na bei yake hushuka kadiri jua linavyosogea, hadi jioni mwenye mali akubali chochote asije akabeba mzigo kurudi nao. Kwa familia ya Lobule, iwe ya mwenyeji au ya mkimbizi anayelima kipande kidogo cha ardhi, tofauti baina ya mafungu hayo mawili ni chumvi, sabuni, na daftari la mtoto.

Wengi huamini kwamba doa hutokea gunia linapofika sokoni, na lawama humwangukia mwenye bodaboda. Yafaa kumtetea mtu huyu kidogo. Madoa mabaya kuliko yote, yale meusi ya mviringo yanayobonyea na kuzama ndani ya nyama, husababishwa na kuvu iitwayo antraknosi, nayo huanza mtini. Mbegu zake hukaa katika vijiti vikavu na majani yaliyokufa. Mvua ikinyesha, matone huzirusha juu ya matunda machanga. Hapo huota kidogo, kisha hulala. Ganda la tunda bichi lina dawa yake ya asili inayoizuia kuvu. Tunda linapoiva dawa hiyo hupungua, na adui aliyekuwa amejificha huinuka. Mwenye mti akikata vijiti vilivyokauka na kuondoa matunda makavu yaliyoning'inia, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuhifadhi kabla ya kuchuma hata tunda moja.

Nusu ya pili hufanyika siku ya kuchuma, na hapa saa ina maana. Alfajiri, wakati umande ungalipo, au mara baada ya mvua, ganda huwa limejaa maji na vitundu vyake vidogo vya kupumulia vimevimba. Ukilisugua tunda wakati huo, hata kwa kiganja, vitundu hivyo hupasuka, na baada ya siku moja au mbili ganda huwa na vidoa vyeusi kana kwamba limenyunyiziwa wino. Ni heri kungoja hadi ganda likauke. Najua ushauri huu haumpendezi mtu anayetaka kuwahi gari la asubuhi. Basi na achume jana yake alasiri, ayalaze matunda kivulini.

Kuutikisa mti, au kuyapiga matunda kwa mti mrefu yaanguke chini, ni kuiharibu mali kwa mikono yetu wenyewe. Jeraha halionekani siku hiyo, huonekana siku ya nne. Mti mrefu wenye kisu na kimfuko cha nguo kwenye ncha hautaki gharama kubwa, na fundi yeyote wa kijijini aweza kuutengeneza. Tunda likatwe pamoja na kipande kifupi cha kikonyo, kama nusu sentimita hivi. Kikonyo kikinyofoka chote, huacha shimo bichi, nako ndiko uozo wa kichwani unakoingilia. Kikiachwa kirefu nacho, huwachoma wenziwe katika kikapu.

Sasa tuingie nyumbani. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa tu, na huanza kuiva baada ya kuchumwa. Ni kitu kilicho hai, kinachopumua na kutoa joto. Kulifungia ndani ya mfuko wa plastiki, au kulirundika katika gunia lililokazwa kwenye pembe ya chumba cha bati, ni kulipika taratibu. Joto likipita nyuzi 30 tunda huiva upande mmoja na kuoza upande wa pili. Mahali pake ni chumba chenye kivuli na upepo, juu ya kichanja au mkeka wenye majani makavu, tabaka moja au mawili tu. Lisioshwe kwa maji ya mtaroni, kwani maji hayo huigawa kuvu kwa matunda yote. Likiwa na vumbi, lifutwe polepole kwa kitambaa kikavu.

Ndizi mbivu zisikae karibu. Hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huyaharakisha matunda mengine kuiva. Mwalimu wa sayansi aweza kulionyesha jambo hili kwa maparachichi mawili, ndizi moja na kapu mbili, watoto hawatalisahau. Bila shaka, anayetaka parachichi la kula keshokutwa ataitumia ndizi hiyo kwa makusudi.

Katika nyumba za askari penye umeme, wengi hulitia parachichi bichi katika jokofu siku ile ile linapofika. Jokofu la nyumbani huwa na baridi ya nyuzi 4 hivi, na kwa tunda bichi baridi hiyo ni kali mno ikidumu: ganda hupiga weusi, nyama huwa ya kijivu, na tunda haliivi sawasawa. Na liive kwanza nje; likishakuwa laini, ndipo liingie jokofuni, nalo litakaa siku chache zaidi.

Asiye na umeme ana chungu. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria aliyetunukiwa tuzo ya Rolex mwaka 2000, alieneza njia ya kutumbukiza chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati ukatiwa mchanga unaomwagiwa maji. Maji yanapokauka hubeba joto kwenda nalo. Kwa West Nile njia hii hufaa hasa katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, upepo unapokuwa mkavu; wakati wa masika hewa yenyewe imelowa, na chungu hakipozi kitu.

Askari anayetoka likizo na gunia la maparachichi kwenda Kampala ana safari ndefu, na matunda ya chini hubeba uzito wa yote. Makreti mawili, au maboksi magumu yenye matundu na majani makavu, huyafikisha salama kuliko gunia moja kubwa. Achague yaliyo magumu, asibonyeze tumbo la tunda kwa kidole gumba. Ajaribu shingoni, polepole.

Yakifika, mwenye nyumba ayatenge. Doa la kahawia lililo gumu na kavu, lililoachwa na tawi au upepo, ni kovu tu. Chini yake nyama ni njema kabisa. Doa jeusi linalobonyea liliwe leo, likatwe sehemu iliyoharibika, kilichobaki kipondwe kwa chumvi na ndimu. Lenye harufu ya chachu au nyama iliyogeuka rangi hadi kokwani, litupwe shimo la mbolea, mbali na mti.