Mbona Tunaamini Mwisho wa Dunia Haraka Hivi?

Wasee, kuna swali limenikaa kichwani tangu nimalize riwaya mbili zinazobuni dunia ambayo bado haipo. Mbona dunia ikiharibika kwenye kitabu naamini papo hapo, lakini ikipona naanza kutafuta uongo uko wapi?

Riwaya ya kwanza ni Parable of the Sower ya Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani. Ilitoka 1993, lakini hadithi yenyewe inaanza Julai 2024. Mimi niliisoma mwaka huo huo wa 2024, kwa hivyo ilikuwa kama kufungua shajara ya msichana wa rika langu anayeishi leo, si kesho. Anaitwa Lauren, ana miaka 15, na anakaa California kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta. Nje ya geti kuna njaa na moto. Maji ni ghali ajabu. Ukiita polisi, unalipia huduma.

Sasa niambie, hapo kigeni ni nini? Mtu wa Nairobi anajua kununua maji kwa mtungi wakati mfereji umekauka wiki nzima. Anajua geti, soja wa usiku, nyaya za umeme juu ya ukuta, na ng'ambo ya barabara watu wanaopigia foleni choo kimoja. Hakuna roboti zinazovamia mji, hakuna viumbe wa kijani. Butler alichukua vitu alivyoviona akavisukuma mbele kidogo tu. Ndiyo maana kitabu kilininyima usingizi.

Riwaya ya pili ni Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Mkenya, mtu wa Pwani, na ameandika kwa Kiswahili. Msee akikwambia hadithi za kisayansi ni mambo ya wazungu, mpe hiyo. Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa kwenye chombo cha angani kinachopaswa kummaliza. Badala ya kufa, anatua Walenisi, mahali ambapo watu wanaishi kwa usawa, hakuna wakubwa wa kunyenyekewa. Soma hilo jina polepole: wale ni sisi.

Manze, huku ndiko akili yangu iligoma. Kila ukurasa nilikuwa nasubiri nione nani anakula. Lazima kuna mtu anakula! Nani anapewa tenda? Mtoto wa nani ndiye anapata kazi? Chombo cha kuruka angani nilikikubali bila swali. Nchi isiyo na ufisadi ndiyo nikaona ni chumvi nyingi.

Sisemi Walenisi haina kasoro. Kuna kurasa watu wanaelezana falsafa mpaka unahisi uko darasani, na wewe unataka stori isonge. Lakini kumbuka aliyeandika ni nani. Mkangi aliwekwa kizuizini miaka ya 1980, enzi ya Moi. Serikali mbovu hakuisoma kitabuni, ilimfungia mlango. Na bado alitoka akaandika mahali pa usawa. Mimi ambaye sijalala seli hata usiku mmoja ndiye nasema haiwezekani.

Hilo linaniuma, kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Kizazi chetu tunajua kuchekesha watu na maafa. Kitu kikiharibika, meme iko tayari kabla ya jioni. Lakini uliza mtu akueleze Kenya anayoitaka, si ile anayoichukia, uone atakavyoguna. Na usipoweza kuipiga picha kichwani, utaidai kwa nani?

Hata Lauren hakuishia kuogopa. Anajifunza mimea ya kuliwa, anafunga begi la dharura, na mtaa wake unapochomwa anatembea kaskazini akikusanya watu njiani. Mwishoni wanapanda mbegu za mialoni kuwakumbuka waliokufa, na hapo hapo wanaanza kijiji.

Siku hizi nikifungua riwaya ya aina hii, siulizi tu nani atakufa. Nauliza waliobaki wanapata maji wapi, nani anayagawa, na huyo mgawaji alichaguliwa vipi. Halafu nauliza hayo hayo kuhusu mtaa wetu.